Zuio la Soya la Amazon: kilicholipa nguvu na kilicholiachia mianya

Tarehe 24 Julai 2006, vyama viwili vya wafanyabiashara wa Brazili, ABIOVE cha wasindikaji wa mafuta ya mimea na ANEC cha wasafirishaji wa nafaka, vilitangaza kuwa wanachama wao hawatanunua soya itakayolimwa kwenye ardhi ya Amazon iliyofyekwa baada ya siku hiyo. Ahadi ilikuwa ya miaka miwili. Iliongezwa mara kadhaa, na mwaka 2016 ikaongezwa bila kikomo. Hadi leo ndiyo kisa kinachotajwa kwanza kila panapojadiliwa namna ya kuzifanya kampuni ziache kununua mazao yanayokula misitu.

Wanaolisimulia zuio hilo huishia kwenye tangazo. Tangazo lilikuwa sehemu nyepesi. Nguvu ya zuio ilikuwa kwenye ramani, kwenye orodha ya mashamba na kwenye mikopo ya pembejeo, na mianya yake ilitokea humo humo.

Hali ilivyokuwa

Kati ya Agosti 2003 na Julai 2004, Amazon ya Brazili ilipoteza kilomita za mraba 27,772 za msitu kwa vipimo vya setilaiti vya INPE, taasisi ya taifa ya utafiti wa anga. Eneo hilo linaizidi Rwanda nzima. Mfyekaji mkuu alikuwa mfugaji wa ng'ombe, na ndivyo ilivyo mpaka sasa, lakini soya ilikuwa ikipanda kutoka jimbo la Mato Grosso kuelekea kaskazini kwa kasi kubwa. Katika miaka miwili kabla ya zuio, karibu asilimia 30 ya mashamba mapya ya soya katika ukanda wa Amazon yalitokana na msitu uliofyekwa moja kwa moja, bila hata kupitia hatua ya malisho. Barabara ya BR-163, inayounganisha Cuiabá na Santarém, ilionekana kama njia ya mkato ya kuifikisha soya mtoni, na mwaka 2003 Cargill, kampuni kubwa ya Marekani ya biashara ya nafaka, ilifungua gati lake la nafaka Santarém, pale mto Tapajós unapoingia Amazon, huku ikigombana mahakamani na waendesha mashtaka wa serikali kuu juu ya tathmini ya mazingira ya mradi huo.

Mzigo uliofuatwa mpaka kwenye sahani

Soya ni zao gumu kwa mwanaharakati kwa sababu mlaji haioni. Mtu wa Ulaya ananunua kuku, mayai, nyama ya nguruwe na maziwa. Soya imeshaliwa zamani na mfugo, ikiwa mashudu. Ukimwambia asinunue soya ya Amazon, atakujibu kwamba hajawahi kununua soya maishani mwake.

Greenpeace, shirika la wanaharakati wa mazingira, ilijibu tatizo hilo kwa kuufuata mzigo wenyewe. Walianzia mashambani katika majimbo ya Pará na Mato Grosso, wakapita maghala ya wanunuzi na gati la Santarém, wakaifuata meli hadi bandari ya Liverpool, na kutoka hapo hadi Sun Valley, kampuni tanzu ya Cargill huko Hereford iliyosindika kuku kwa ajili ya McDonald's barani Ulaya. Ripoti yao ilitoka 6 Aprili 2006, na siku hizo hizo wanaharakati waliovaa mavazi ya kuku wakaingia kwenye migahawa ya McDonald's Uingereza.

McDonald's haikuwa mnunuzi mkubwa wa soya hata kidogo. Ilichaguliwa kwa sababu mbili. Jina lake linajulikana na kila mtoto, kwa hiyo hasara ya sifa ni kubwa kuliko gharama ya kubadili chakula cha kuku. Na ilikuwa mteja wa moja kwa moja wa Cargill, kiasi kwamba simu yake moja ilifika ofisini kwa watu wenye uamuzi. Kampuni hiyo haikubishana muda mrefu; ilikaa na Greenpeace na maduka mengine makubwa ya Ulaya, na kwa pamoja wakaigeukia Cargill na wenzake. Kutoka ripoti hadi tangazo la zuio zilipita siku zisizofika 110.

Dai lenyewe lilikuwa fupi. Wanaharakati hawakutaka Ulaya iache soya ya Brazili, wala hawakudai cheti kipya chenye vigezo hamsini. Walidai zao moja, ukanda mmoja, tarehe moja. Mnunuzi aliweza kuliandika dai hilo kwenye mkataba wa ununuzi kwa sentensi moja, na mkaguzi akaweza kulipima kwa picha mbili za setilaiti, ya kabla na ya baada. Kampeni nyingi zilizofuata, zenye maneno kama "uendelevu" na "kuwajibika", hazikuwahi kuwa na kipimo chepesi kama hicho, na tunadhani hilo linaeleza kushindwa kwao kuliko uhaba wa fedha.

Bahati nayo ilikuwepo. Mwaka 2005 na 2006 bei ya soya ilikuwa chini na sarafu ya Brazili ilikuwa na nguvu dhidi ya dola, hivyo wakulima wachache walikuwa na hamu ya kupanua mashamba. Kampuni ziliahidi kuacha kitu ambacho msimu ule hakikuwa na faida kubwa. Anayepanga kampeni ya zao lolote na asiangalie mzunguko wa bei anajinyima silaha ya bure.

Kwa nini mkulima alilazimika kusikia

Amazon ina maelfu ya wakulima wa soya, lakini wanunuzi wakubwa wanahesabika kwa vidole: Cargill, Bunge, ADM, Louis Dreyfus, Amaggi na wengine wachache. Wanachama wa vyama vile viwili walishika karibu asilimia 90 ya soya ya ukanda huo. Shingo ya chupa ni nyembamba, na anayeishika anashika chupa yote.

Shingo hiyo haikuwa ya kununua tu. Sehemu kubwa ya wakulima wa Mato Grosso hupata mbegu, mbolea na viuatilifu kwa mkopo kutoka kwa kampuni zile zile zitakazonunua mavuno, kisha hulipa kwa magunia ya kilo 60 wakati wa kuvuna. Hati inayofunga deni hilo, ahadi ya kulipa kwa mazao, imo katika sheria ya Brazili tangu 1994. Wakulima wa kahawa wa Kagera wataukumbuka utaratibu wa butura, wa kuuza kahawa ikingali mtini. Tofauti ni kwamba huku ni biashara rasmi yenye hati inayosajiliwa na kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo shamba likiingia kwenye orodha ya zuio, mwenye shamba hakosi mnunuzi wa Februari peke yake. Anakosa pembejeo za Septemba, kabla hajapanda hata punje. Adhabu inayokuja kabla ya msimu humzuia mtu kufyeka; inayokuja baada ya mavuno humfundisha tu kutafuta mnunuzi mwingine.

Orodha ilivyotengenezwa

Baada ya tangazo kiliundwa Kikundi Kazi cha Soya, kinachojulikana kwa kifupi cha Kireno GTS. Walikaa meza moja kampuni za ununuzi na mashirika ya mazingira, yakiwemo Greenpeace, WWF, TNC na Imaflora. Baadaye serikali ikaingia kupitia Wizara ya Mazingira, na Benki ya Brazili pia. Meza hiyo ndiyo iliyokuwa mtambo halisi wa zuio.

Kazi ya kila mwaka ilianzia kwenye PRODES, mradi wa INPE unaochora vipande vya msitu vilivyofyekwa kabisa kati ya Agosti na Julai. Vilichukuliwa vipande vyote vya baada ya tarehe ya ukomo vilivyo katika wilaya zenye zaidi ya hekta 5,000 za soya, maana kufuatilia wilaya yenye mashamba mawili ni gharama isiyo na mazao. Miaka ya mwanzo viliangaliwa vipande vya kuanzia hekta 100, kwa kurushwa ndege juu yake na kupigwa picha. Baadaye INPE ilileta uchambuzi wa picha za MODIS, kihisio kilichomo kwenye setilaiti, na kizingiti kikashuka hadi hekta 25. Kizingiti hicho hakikuokotwa. Pikseli moja ya MODIS ina mita 250 kwa 250, yaani hekta 6.25, kipande cha hekta 25 ni pikseli nne tu, na chini ya hapo mchambuzi anaanza kukisia.

Soya inatambulikaje kutoka angani? Kwa mwendo wa rangi yake. Mato Grosso hupanda kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Novemba, mvua zinapoanza, baada ya kipindi cha marufuku ya soya shambani kinachowekwa kukatiza ugonjwa wa kutu. Kipimo cha ukijani cha shamba la soya hupanda kwa ghafla, hufika kilele katikati ya mvua, kisha huanguka kwa ghafla kati ya Januari na Machi soya ikikauka na kuvunwa. Malisho hukijanika polepole na hayaanguki mvua ikiwa bado inanyesha. Kipande kilichofyekwa baada ya ukomo na chenye mwendo wa soya kiliwekwa alama, kikahakikiwa kwa jicho kwenye picha zenye ubora zaidi au kwa ndege, kisha kikalinganishwa na mipaka ya mashamba kwenye sajili ya mazingira ya vijijini, CAR, ili kujua ni la nani. Majina na mipaka yalipelekwa kwa kampuni, nazo ziliyaingiza kwenye mfumo wa ununuzi ili mkataba usitoke. Mwisho wa msimu wakaguzi wa nje walichukua mikataba ya kampuni na kuilinganisha na orodha.

Hatua hiyo ya mwisho ndipo mambo huharibika zaidi, na sababu ni ya kawaida mno. Kampuni ikifunga jina la mtu badala ya mipaka ya shamba, baba atafungwa na mwana atauza mavuno yale yale kwa namba yake ya mlipakodi. Ikifunga mipaka bila jina, mavuno ya kipande kilichofungwa yatapimwa kwenye mizani kama yametoka kipande cha pili cha mtu huyo huyo, au cha jirani. Na soya ikishamwagwa ghalani imechanganyika. Hakuna maabara itakayoitenganisha punje kwa punje. Ndiyo maana ukaguzi wa maana hulinganisha tani zilizouzwa na hekta zilizoruhusiwa. Shamba linalouza zaidi ya linavyoweza kuzaa linauza ya mwingine. CAR yenyewe hujazwa na mwenye shamba, na mipaka inayopandana ni mingi, hivyo kuitegemea peke yake bila kuihakiki ni kumwachia mtuhumiwa aandike hati yake ya mashtaka.

Tarehe iliyosogezwa

Ukomo wa kwanza ulikuwa 24 Julai 2006. Baadaye ulisogezwa hadi 22 Julai 2008, ili ulingane na tarehe iliyotumiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2012 katika kusamehe makosa ya zamani. Faida yake ni kwamba mkulima alibaki na tarehe moja badala ya mbili, na benki, serikali na wanunuzi wakatumia ramani ile ile. Gharama yake ni kwamba waliofyeka katika miaka hiyo miwili huku wakijua zuio lipo walifutiwa, na waliotii wakaonekana wajinga. Ilikuwa biashara mbaya, hata kama ilirahisisha makaratasi: kila mkulima aliyeona ukomo ukisogea mara moja alianza kusubiri usogee tena.

Matokeo, na sifa zinazogawanywa

Kufikia 2014, mashamba mapya ya soya yaliyotokana moja kwa moja na msitu wa Amazon yalikuwa yameshuka hadi takriban asilimia 1 ya upanuzi wote. Wakati huo huo soya haikupungua. Eneo lake katika ukanda huo liliendelea kukua hata baada ya hapo, kutoka chini ya hekta milioni 2 wakati wa zuio hadi zaidi ya milioni 7 katika miaka ya karibuni, kwa sehemu kubwa juu ya malisho ya zamani. Hoja kwamba kulinda msitu kungeua kilimo ilijibiwa na wakulima wenyewe kwa majembe yao.

Ufyekaji wote wa Amazon ulishuka hadi kilomita za mraba 4,571 mwaka 2012. Si haki kulipa zuio sifa zote za mteremko huo. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kudhibiti ufyekaji mwaka 2004, Marina Silva akiwa waziri wa mazingira. Ilikuwa na mfumo wa DETER wa kutoa tahadhari za haraka kwa askari wa misitu. Ilitenga hifadhi nyingi mpya. Na kuanzia 2008 benki ziliamriwa kutotoa mikopo ya kilimo Amazon bila ushahidi wa kutii masharti ya ardhi na mazingira. Utafiti uliochapishwa 2020 ulijaribu kuutenga mchango wa zuio na wa sera hizo, ukakadiria kuwa zuio lilizuia ufyekaji wa kilomita za mraba 18,000 hivi ndani ya muongo mmoja. Makadirio hayo yana mwanya mkubwa juu na chini, lakini si madogo kwa jambo lililoendeshwa na kikundi kazi.

Mahali palipovuja

Uvujaji wa kwanza ni wa ndani ya shamba. Zuio lilitazama kipande chenye soya, si mali yote ya mkulima. Mtu aliweza kufyeka hekta 300 kwa ajili ya ng'ombe na bado akauza soya ya hekta zake 2,000 za zamani bila kuguswa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliyahesabu mashamba ya soya Mato Grosso yaliyovunja Sheria ya Misitu yakafika 627 au zaidi. Yaliyokuwa yamezuiwa kuuza kwa mujibu wa zuio yalikuwa 115. Wanaharakati walikubali kipimo cha kipande kwa sababu ndicho kilichowezekana mwaka 2006, na kukirekebisha baadaye kulishindikana, kwani kila badiliko lilihitaji ridhaa ya meza nzima.

Wa pili ni wa mpaka. Cerrado, savana yenye miti inayopakana na Amazon kwa kusini na mashariki, iliachwa nje. Kati ya 2007 na 2013, kati ya asilimia 11 na 23 ya soya mpya ya huko iliendelea kuingia kwenye uoto wa asili. Mwaka 2017 mashirika ya Brazili yalitoa tamko la kutaka kampuni zifanye Cerrado walichofanya Amazon, na maduka mengi ya kimataifa yakaunga mkono. Wanunuzi wakubwa wakakataa tarehe ya ukomo. Hapo shingo ya chupa ilikuwa ile ile, lakini kisheria mkulima wa Cerrado anatakiwa kubakiza asilimia 20 tu ya shamba lake, au 35 akiwa ndani ya mipaka ya kiutawala ya Amazon, hivyo sehemu kubwa ya ufyekaji ni halali na kila hekta inayozuiwa ina mwenye madai. Mwaka 2023 Cerrado ilipoteza zaidi ya kilomita za mraba 11,000, Amazon takriban 9,000.

Wa tatu ni ng'ombe. Mwaka 2009 Greenpeace na waendesha mashtaka wa Pará walivibana viwanda vya nyama kwa mbinu zile zile, vikasaini. Matokeo hayakulingana, kwa sababu shamba la soya halihami. Ndama huzaliwa kwenye shamba lililofyekwa jana, hukuzwa kwenye la pili, hunenepeshwa kwenye la tatu, na kiwanda hukagua lile la mwisho lenye hati safi. Aliyechukua mafanikio ya soya akayabandika kwenye zao linalopita mikono mitano kabla ya kufika kwa mnunuzi alijenga juu ya mchanga.

Jambo hili linatuhusu Afrika Mashariki pia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya bidhaa za ufyekaji, ambayo kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, imechukua wazo la tarehe moja, 31 Desemba 2020, na kuligeuza sheria kwa soya, ng'ombe, mawese, kakao, mpira, mbao na kahawa. Shamba la hadi hekta 4 linatosha kuwa na nukta moja ya latitudo na longitudo; likizidi hapo linahitaji mipaka yake yote. Kwa kahawa ya Kilimanjaro, Mbeya au Mlima Elgon, yenye wakulima wa robo hekta kwa maelfu, mzigo ni wa ushirika unaokusanya: nukta iliyochukuliwa nyumbani kwa mkulima badala ya shambani, au latitudo na longitudo zilizobadilishana safu kwenye jedwali, zinatosha kuufanya mzigo mzima uonekane umetoka mahali pengine.

Siasa ya hekta halali

Sheria ya Misitu inamtaka mwenye ardhi katika msitu wa Amazon abakize asilimia 80. Asilimia 20 ni haki yake kufyeka akipewa kibali. Zuio liliikataa soya ya hiyo 20 pia. Kwa mlinzi wa msitu hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Kwa chama cha wakulima wa soya wa Mato Grosso, Aprosoja, ilikuwa ni kampuni za nje kuandika sheria juu ya sheria ya nchi. Ahadi za kumlipa mkulima anayebakiza msitu anaoruhusiwa kuufyeka zilizungumzwa tangu mwanzo. Kilichofika shambani ni kidogo, kama mradi wa Conserv wa taasisi ya IPAM, unaolipa kwa hekta lakini kwa wenye mashamba wachache.

Deni hilo la kisiasa lilidaiwa. Oktoba 2024 Mato Grosso ilipitisha sheria ya kuzinyima nafuu ya kodi kampuni zinazofuata makubaliano yanayozidi sheria za nchi. Mahakama ya Juu ya Brazili iliisimamisha Desemba mwaka huo, kisha Aprili 2025 ikaruhusu kifungu cha kodi kianze kufanya kazi 1 Januari 2026. Agosti 2025 mamlaka ya ushindani, CADE, ikaenda mbali zaidi: idara yake ya uchunguzi iliamuru zuio lisimamishwe, kwa hoja kwamba washindani wanaobadilishana orodha ya watu ambao hawatanunua kwao wanafanya kazi kama genge la kupanga soko. Meza ya pamoja na orodha moja, vitu vilivyomfanya mkulima akose pa kukimbilia, ndivyo vilivyopelekwa mbele ya CADE kama ushahidi. Mwanasheria anayeandaa zuio la zao lingine leo angeanzia hapo: orodha itengenezwe na kutolewa hadharani na chombo kisichonunua chochote, na kila kampuni iandike sera yake na kuamua peke yake nani haitanunua kwake.